Diski Niliyoitangaza Kuwa Marehemu

Wenzangu wa karakana, kwenye hafla ya kuniaga mlisema maneno mazuri mno, na karibu nusu yake yalikuwa uongo. Sikuwakatiza kwa sababu nilikuwa na keki mdomoni. Lakini mkuu wa idara aliposimama kusimulia ile habari ya kikundi cha parachichi, jinsi Mama Fundi alivyopanda bodaboda kwenye baridi, akaingia mkutanoni, akaifufua diski iliyokuwa imekufa na kuokoa msimu wa watu arobaini, keki ilinikwama. Diski ile haikuwa imekufa. Kifo chake nilikitangaza mimi, na kwa tangazo langu kijana mwaminifu aliyeitwa Erasto alikaribia kupoteza jina lake mbele ya kijiji kizima. Ninyi mlipiga makofi, mkanipa blanketi. Blanketi nalitumia, ahsanteni sana. Habari yenyewe nairudisha ikiwa imenyooshwa.

Nitaanza mbali, maana kosa lile halikuanza siku ile. Lilianza taratibu, kadiri nilivyozidi kuwa hodari. Mambo ya vyeo na mishahara sitayaandika. Nilipandishwa cheo mara mbili, na mara zote mbili nilirudi kukaa kwenye kiti kilekile chenye mguu mmoja mfupi.

Kazi nilianzia Makambako, kwenye kibanda cha Mzee Nikodemu, Mkinga wa kutoka Bulongwa, Makete, aliyekuwa akitengeneza redio, taipureta na baadaye kompyuta, vyote kwa utaratibu mmoja: kukitazama kitu kwa chuki mpaka kiseme kinachokiuma. Mimi nilikuwa msichana wa Kibena, nimetoka shule ya misheni nikiwa najua kushona, kuimba sauti ya pili na kuungama. Alinichukua kwa sababu nilikuwa na vidole vyembamba. Siku ya kwanza alinipa kopo la skrubu zilizochanganyika, nizitenge. Nikadhani ni kazi ya saa moja. Ilichukua siku tatu, kwa sababu upepo wa Makambako ukiingia kibandani huchagua skrubu ndogo na kuondoka nazo. Siku ya nne Mzee Nikodemu akalimwaga kopo lote mezani, akasema, "Sasa zitenge ukiwa umefumba macho." Nilimchukia kwa miezi mitatu. Mwezi wa nne nikagundua kwamba skrubu naijua kwa kuigusa tu.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa kuvua sweta. Mnacheka, lakini ninyi mmekuta karakana ina mikeka ya mpira na bangili za waya za kuondoa umeme mwilini. Sisi tulikuwa na masweta ya sufu ya mtumba, na mwezi wa saba, kwenye baridi kavu, ukilivua gizani unaona cheche. Cheche hiyo ndogo ikigusa kipande cha ramu, kile kijibao cha kumbukumbu ya kompyuta, ramu inakufa bila kuaga. Kwa hiyo Mzee Nikodemu aliweka sheria: kabla ya kufungua kompyuta, vua sweta nje, shika bomba la maji, ndipo uingie. Wapita njia wa Makambako walizoea kumwona binti wa watu kwenye upepo, amebaki na blauzi, ameshikilia bomba kwa mikono miwili. Kuna mama mmoja wa Kilutheri aliniombea.

Wateja walikuwa na taabu yao. Walikuwa wanafika, wananitazama, halafu wanatazama nyuma yangu. "Fundi yuko wapi?" Mwanzoni nilikuwa nikijibu kwa upole kwamba fundi ni mimi. Mwaka wa pili nikawa najibu, "Ametoka, ila ameniachia mikono yake." Wengine walikaa kwenye benchi kumsubiri. Nilikuwa namaliza kazi, nawapa mashine yao, na bado wanauliza kama fundi ataridhika.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Malalamiko niliyoyasikia kuliko yote maishani ni neno moja: haioni. Kompyuta haioni diski. Haioni ramu. Haioni mausi. Wasemaji wake wakuu ni wale wanaojiungia kompyuta wenyewe nyumbani, watu ninaowapenda na kuwaogopa kwa kiasi kilekile. Mtu anaagiza vipande kutoka Dar, vinapanda basi, anavipokea Njombe stendi kwenye boksi la biskuti, anatazama video tatu, anasali, anaunga. Ikigoma, anakuja kwako akisema haioni. Kompyuta haina macho, ina njia tu. Kitu kisipoonekana, ama njia imekatika, ama imefungwa, ama kitu chenyewe hakipo. Kazi ya fundi ni kujua ni lipi kati ya hayo, na asiseme la mwisho kabla hajamaliza yale mawili ya kwanza. Sentensi hiyo niliwafundisha wengi wenu. Ikumbukeni mkisoma yanayofuata.

Waungaji wa nyumbani wana ugonjwa mmoja: wanaogopa kutumia nguvu pale inapotakiwa, na wanaitumia pale isipotakiwa. Kule Njombe mjini palikuwa na fundi cherehani aliyejiungia mashine ya kuchorea mitindo ya nguo. Kila asubuhi iligoma, inapiga kelele kwamba haioni ramu, na ikifika saa nne inawaka yenyewe. Majirani walisema ina pepo. Padri aliitwa, akanyunyiza maji ya baraka, nashukuru alinyunyiza kwa mbali. Nilipofika nilimkuta mama wa watu ameifunika kwa blanketi la mtoto. Nikaifungua, nikaona ramu imekaa upande, sikio moja la kishikizo liko juu. Baridi ya usiku ilikuwa inaikunja kiasi cha unywele, inaachia. Jua likitoka inagusa tena. Nikaiweka sawa, nikabonyeza kwa dole gumba mpaka ikalia tak. Yule mama akapiga ukelele, "Mama weee, umeivunja!" Hakuwahi kuisikia sauti ile, kwa sababu tangu mwanzo hakuthubutu kubonyeza.

Kinyume chake nilikipata shule moja upande wa Matamba. Mwalimu mkuu alipiga simu kwamba kompyuta mpya ya shule haioni mausi, ameshabadilisha mausi tatu, na ripoti za wanafunzi zinasubiri. Ilikuwa masika. Gari lilizama kwenye tope mara mbili, tukalala njiani kwa mwinjilisti mmoja aliyetulisha viazi mviringo mpaka tukashindwa kuinuka. Kufika, nikainama nyuma ya mashine. Waya wa mausi ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la waya wa intaneti. Unaingia pale, ndugu zangu, tena unaingia vizuri, unakaa kama umezaliwa hapo. Nikautoa, nikauweka mahali pake, mshale ukatembea. Mwalimu mkuu akaniuliza kwa heshima sana kama tatizo lilikuwa kubwa. Mbele yake walikuwa wamesimama walimu sita. Nikasema lilikuwa la kitaalamu. Uongo huo sijutii, na barua ya shukrani aliyoandika mnaijua, ndiyo ile iliyobandikwa ukutani.

Lakini hayo ni ya baadaye. Mzee Nikodemu alipofunga kibanda na kurudi kwao Makete kulima ngano, mimi nikahamia hapo chuoni Njombe, kwenye karakana yenu. Mnaijua ilivyo: ukuta wa kaskazini haujawahi kuona jua, na ukiweka kikombe cha chai mezani, mpaka upate bisibisi chai imeshapoa. Ndiyo maana tukawa na jiko la mkaa mlangoni, na ndiyo maana karatasi yoyote isiyo na mhuri ilikuwa halali ya kuwashia. Nilikaa hapo miaka mingi. Mikono ikawa na akili zake, ikawa inajibu kabla sijauliza. Kompyuta ikiletwa nilikuwa naisikiliza kidogo, nasema ni pawasaplai, kile kisanduku cha kuilisha umeme, na kweli inakuwa pawasaplai. Mara tisa kati ya kumi nilikuwa sahihi, na kila nilipokuwa sahihi nilizidi kupunguza kupima, kwa uvivu. Hakuna aliyeniuliza. Ungemuuliza nani, wakati wa kuulizwa ni mimi?

Basi, mwaka huu, Jumatatu moja ya mwezi wa tano, Erasto akaingia karakana akiwa amebeba kompyuta kifuani kama mtoto mgonjwa. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi katika kijiji kimoja ukielekea Makambako. Kompyuta ile aliiunga mwenyewe, na niseme wazi, aliiunga vizuri kuliko baadhi yetu. Nyaya zilikuwa zimefungwa kwa mpangilio, skrubu zote zipo.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Haioni nini?"

Akacheka, lakini midomo ilikuwa imekauka. Alikuwa ameongeza kidiski kipya, kile kinachofanana na kipande cha bazoka ya kutafuna, kinacholazwa juu ya ubao mkuu wa mashine. Alitaka mashine iwe na mbio. Kidiski kikawaka vizuri, mbio zikapatikana, ila diski kubwa ya zamani ikatoweka. Ndani ya diski ile kulikuwa na kumbukumbu za wakulima wote arobaini: shamba la nani, limepigwa dawa gani, siku gani, na limekaa siku ngapi kabla ya kuchuma. Wakulima walikuwa wanampigia simu tu, yeye anaandika. Alhamisi mkaguzi anakuja. Bila kumbukumbu hakuna cheti, na bila cheti mnunuzi hachukui hata tunda moja, yanaozea mtini.

"Nakala unayo?"

"Ninayo, mama."

"Wapi?"

Akatazama chini. "Kwenye diski hiyohiyo."

Sikumcheka. Nilimcheka baadaye, peke yangu, halafu nikaacha.

Nikaifungua. Kidiski kinaonekana, diski kubwa haionekani. Nikabadilisha waya wa umeme, bado. Nikabadilisha waya wa data, bado. Hapa ndipo mnisikilize: waya wa data niliubadilisha, lakini niliuchomeka palepale ulipokuwa, kwenye tundu la chini kabisa la ubao, namba tano, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na diski na vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Matundu mengine manne yalikuwa yananitazama. Nikamwambia aache mashine, arudi kesho.

Jumanne asubuhi nikaichomoa diski, nikaiweka kwenye kile kifaa chetu cha kusomea diski kwa nje. Ikazunguka kidogo, ikasimama. Tik. Ikajaribu tena. Tik. Ninyi mnaijua sauti hiyo. Ni sauti ya diski iliyovunjika ndani, nimeisikia mara nyingi, na kila niliposikia nilimwambia mteja pole. Erasto alipofika saa tano nilikuwa nimeshaizima, nimeiweka juu ya kitambaa, mezani.

"Baba, hii imekufa."

"Imekufa kabisa?"

"Kabisa. Dar wapo wanaozifungua, lakini ni wiki kadhaa."

Akaigusa kwa kidole kimoja. Halafu akaniuliza, kwa adabu zote, bila kuinua sauti, "Mama, umejaribu kila kitu?"

Nikamwambia, "Kazi hii nilianza hujazaliwa."

Alipakia vitu vyake. Mashine, diski, kava. Alisahau kitabu cha maelezo cha ule ubao, kilikuwa kimeangukia chini ya meza. Mlangoni akageuka akanishukuru, akasema kesho kuna mkutano wa kikundi, atakwenda nayo yote hivyo ilivyo ili wenzake waone kwa macho yao kwamba hafichi kitu. Nikamwambia ni wazo zuri. Nikanywa chai.

Jumatano kulikuwa na umande mweupe kwenye majani. Nilifika wa kwanza. Nikatafuta karatasi ya kuwashia jiko, nikakiona kile kitabu. Nikachana kurasa za mbele nikaziwasha, zikashika vizuri, zile karatasi zao zina mafuta. Nikachana nyingine. Ya tatu niliishika ikining'inia juu ya moto nikaona jedwali lenye vinyota vidogo, na chini yake maandishi madogo kabisa, ya kusomwa na watu wasio na haraka. Miwani ilikuwa usoni. Yalisema kwamba kidiski kikilazwa kwenye nafasi ile ya kwanza, tundu la data namba tano linazimwa. Ubao wenyewe unalifunga, maana viwili hivyo vinatumia njia moja.

Nilisimama nimeishika karatasi mpaka moto ukanifikia kidole. Njia ilikuwa imefungwa tu. Ungehamisha waya tundu moja juu, kazi imekwisha.

Halafu nikajitetea. Nikajiambia: lakini mbona ililia tik kwenye kifaa cha nje, ambako hakuna tundu namba tano? Nikageuka kukitazama kile kifaa. Mguuni pake kulikuwa na chaja ya ruta. Mnakumbuka ilikofika chaja yake halisi. Ilikwenda chumba cha walimu kuwasha king'amuzi wakati wa mpira, na aliyeipeleka ni mimi, na aliyeweka ya ruta badala yake ni mimi, kwa sababu pini inaingia na volti ni zilezile. Volti ni zilezile, lakini nguvu ni robo. Inawasha ruta, haiwezi kuzungusha diski kubwa. Diski inajaribu kusimama, inakosa chakula, inakaa. Tik. Maskini ilikuwa na njaa, mimi nikaandika cheti cha kifo.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu komunyo ya kwanza nilipotafuna hostia badala ya kuiacha iyeyuke mdomoni. Nikapiga simu ya Erasto. Imezimwa. Nikachukua bisibisi na waya mmoja mrefu wa data, nikavaa makoti mawili, nikasimamisha bodaboda.

Yule dereva alitaka kunihadithia habari za ndoa yake njia nzima. Nilimwambia aendeshe. Ukungu ulikuwa mzito mpaka kwenye miti ya misindano, kila mara likitokea lori la mbao bila taa tunaingia majanini. Ofisi ya kijiji niliijua kwa baiskeli na pikipiki zilizojaa nje. Nikasikia sauti kabla sijaingia. Mtu alikuwa anasema kwamba kumbukumbu hazikufa, zimeuzwa kwa kikundi cha jirani. Mwingine akasema kijana akishajua kompyuta hulewa.

Erasto alikuwa amesimama mbele, kofia mkononi. Mashine yake iko mezani, mbavu wazi, diski imerudishwa mahali pake. Mwenyekiti wao, Mama Imelda, mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti, akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ndiye fundi. Hakuna aliyetazama nyuma yangu.

"Umechelewa, mama," akasema Mama Imelda. "Tumeshapiga kura. Erasto si katibu tena."

Nikavua makoti yote mawili, nikaomba bomba la maji, wakanionyesha ndoo ya chuma, nikaishika. Watu wakatazamana. Nikachomoa waya kutoka tundu namba tano, nikaweka ule mrefu, nikauchomeka tundu namba mbili. Nikawasha. Hata yule aliyesema zimeuzwa alinyoosha shingo kuona. Diski ikazunguka, haikulia tik wala nini. Kwenye kioo ikajitokeza, na jina alilokuwa ameipa mwenyewe kwa herufi kubwa: PARACHICHI. Nikafungua faili la kwanza. Mama Imelda akalisoma jina lake, shamba lake, dawa yake, tarehe yake. Mkaguzi alipita kesho yake, akayasoma yote, akaridhika. Kwa hilo nawatoa wasiwasi mapema, kwa sababu halikuwa ndilo tatizo tena.

Tatizo lilikuwa vigelegele. Walinishika mikono, wakanipa kiti chenye mto. Mama mmoja akatoka mbio akarudi na kuku jike mwekundu, akanipakatisha kifuani. Kisha Mama Imelda akamgeukia Erasto.

"Mshukuru mama huyu. Ungetuua kwa kuchokonoachokonoa. Na kuanzia leo ukae mbali na vitu vya kikundi."

Erasto akasema, "Sawa, mama." Akavaa kofia yake, akaanza kukusanya nyaya.

Ninyi mnaosimulia habari hii huishia kwenye kuku. Mimi nilikuwa nimemshika, na nawaambia alikuwa mzito, ametunzwa vizuri, na kwa dakika nzima nilifikiria kwenda naye nyumbani. Gari la kurudi Njombe lilikuwa karibu kupita. Nilikuwa nimebakiza mwezi mmoja kustaafu. Nani angejua? Erasto mwenyewe alikuwa hajui. Alikuwa anakunja waya taratibu, anaufunga kwa uzi, kama mtu anayemwandaa maiti, na hakuwa hata na hasira.

Nikasimama na kuku wangu.

"Mama mwenyekiti, diski hii haikufa. Aliyemwambia imekufa ni mimi. Yeye alifunga kidiski kipya sawasawa. Ubao wa mashine ndio uliofunga tundu moja, na kitabu chake kinasema hivyo, mimi sikukisoma. Halafu diski niliipima kwa chaja isiyofaa, na nilijua haifai, niliiweka mwenyewe. Nilikuwa nimejaribu vitu vitatu tu."

"Kitabu kiko wapi?" akauliza mzee mmoja wa nyuma.

"Nilikiwashia jiko."

"Ulikichoma?"

"Kulikuwa na baridi."

Hilo wakalielewa. Wawili watatu wakatikisa vichwa kwa huruma. Lakini Erasto alikuwa ameacha kukunja waya.

"Mama," akasema, "jana nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Hukunijibu."

"Sikukujibu, mwanangu. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alirudi kuukunja waya wake. Mwenye kuku akaja polepole kwa unyenyekevu mkubwa, akamtoa kuku wake kwangu, akarudi naye kukaa. Sikumlaumu, na kuku mwenyewe alionekana kukubaliana.

Mama Imelda akapiga meza kwa kiganja. "Kura ya asubuhi imefutwa. Wanaotaka Erasto arudi kuwa katibu, mikono juu."

Mkono wa kwanza ulitoka nyuma, wa yule mzee wa kitabu. Ukapanda wa pili, kisha safu nzima ya dirishani. Yule aliyesema kumbukumbu zimeuzwa aliuinua nusu, akakuna kichwa, akaumalizia. Mwenye kuku alimbana kuku kwapani ili apate mkono wa kuinua. Erasto alikuwa bado ameinamia nyaya zake, haoni kitu. Mama Imelda akaanza kuhesabu kwa kidole, akafika mbele, akasimama.

"Mama fundi, shusha mkono. Wewe si mwanachama." Kisha kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "Erasto, baba, hebu inua uso uone."